Mwimbaji Asiyeharakishwa

Ugomvi wetu wa kwanza ulihusu vikombe. Nilikuwa na vikombe vya kauri alivyoniachia mama, nimevipanga juu ya kabati lililoegemea ukuta, na siku chache baada ya mpangaji mpya kuhamia upande wa pili wa ukuta huo, vikaanza kutembea. Vilitembea kweli, taratibu, kimoja nyuma ya kingine, kuelekea ukingoni. Kilipoanguka cha kwanza nilibeba vipande vyake na kwenda kugonga mlango kwa kiwiko.

Alifungua mwanamke mrefu, mweusi kama mimi, kichwa amekinyoa, amevaa miwani mikubwa ya jua ilhali yumo ndani ya nyumba. Nikamsemesha Kiswahili, hakuelewa. Nikajaribu Kiganda changu cha sokoni, hakuelewa. Akajibu kwa Kiingereza cha Uingereza kabisa, kile cha kumeza herufi, nikajua kwamba majirani waliokuwa wakinong'ona juu ya "muzungu mweusi" hawakuwa wametunga.

Alivitazama vile vipande. Hakusema pole. Alisema, "Besi ikifika kwenye kikombe, ujue imekaa sawa."

Nikamwambia besi yake ihamie ukuta mwingine. Akaniambia nihamishe kabati. Tulibishana pale mlangoni mpaka mama wa nyumba ya tatu akatoka na kiti akakaa kutusikiliza. Mwishowe nilihamisha kabati mimi. Sijui hata leo alinishindaje, maana mimi ndiye niliyetangulia kuhamia pale, na vikombe vilikuwa vyangu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, mjini Kasese. Sisi tulimwita Mwimbaji. Jina lake lilikuwepo kwenye majalada ya sahani za muziki huko kwao, lakini hakulipenda, na mimi sitalitaja.

Watu wengi hapa tumeletwa na kazi. Baba yangu alitoka Kisumu kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili wakati watoto wenzetu wanasema Lhukonzo. Mimi nikawa muuza mitumba: siku za soko nakwenda Bwera, mpakani, siku nyingine niko Kasese napiga pasi na kushona vifungo. Kwa hiyo mtu akihamia kwetu tunamuuliza, umeletwa na kazi gani? Mwimbaji alimjibu kila mtu jibu lake. Mchungaji aliambiwa ni wito. Madereva wa malori waliambiwa anamkimbia mume. Mimi aliniambia kwamba alikuja mara ya kwanza na shirika moja la misaada, kuimba siku moja na kupigwa picha na watoto. Gari likasimama Kasese kununua maji, akashuka kunyoosha miguu. Muuza maji akamuuliza, "Wewe ni nani?" Akajikuta analia kwa furaha, kwa sababu ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu amuulize swali hilo bila kujua jibu. Alirudi Uingereza, akafunga mizigo, akaja.

Nadhani hilo ndilo lilikuwa kweli. Lakini lile la mume nalo alilisema vizuri sana.

Mambo marefu aliniambia kwa Kiingereza, na hapa nayaandika kwa Kiswahili changu. Mambo mafupi, hasa ya kukataa, aliyasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, alichojifunza kwa madereva, kwa wanajeshi wa kizuizi cha barabarani na kwa wabeba mizigo wa mpakani. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha. Akiomba chumvi ungedhani anakukamata.

Muziki wake uliitwa trip hop. Niliposikia mara ya kwanza nilifikiri kanda imelegea. Ngoma inagonga, halafu inasubiri, unaanza kujiuliza kama umeme umekatika, ndipo inagonga tena. Chini yake kuna besi nzito, ile ya vikombe. Juu yake sauti ya mwanamke, karibu na sikio, kama mtu aliyechoka lakini hakubali kupelekwa kulala. Walianza watu watatu, yeye na wanaume wawili, katika chumba cha chini ya ardhi kwenye mji wa bandari huko kwao. Walikuwa vijana, hawana kazi, wanakata vipande vya sahani za zamani za watu wengine na kuviunga upya. Sahani yao ya kwanza ikapendwa. Ya pili ikawazungusha dunia.

Alinisimulia mwisho wa kundi hilo siku moja tukimenya matoke. Kulikuwa na wimbo aliomwimbia dada yake aliyefariki. Kampuni ikauuza wimbo huo kwa watengenezaji wa magari, ukawa tangazo: gari linapinda kona ya mlima, na yeye anamlilia dada yake. Hakuulizwa. Wale wenzake wawili waliulizwa, wakakubali.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

Walikuwa na onyesho kubwa, uwanja umejaa. Wimbo ulipofika, ngoma ikaanza, besi ikaingia, yeye akaishika nguzo ya maikrofoni na kufunga mdomo. Alisimama hivyo tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Watu walishangilia kwanza, wakidhani ni mbwembwe. Halafu wakazomea. Chupa zikarushwa. Karibu na mwisho, alisema, wachache wakanyamaza, na ukimya wao ukaenea uwanjani mpaka ngoma ikabaki inagonga peke yake. Alishuka jukwaani, akavaa koti, akatembea mpaka nyumbani kwa miguu. Wale wawili hawakusema naye tena.

"Ulijuta?"

Akaokota tooke jingine. "Mimi najuta viatu. Ilikuwa ya kisigino."

Kila mahali alipokwenda, watu walimwomba aongeze kasi. Kampuni ilimwomba, ili watu wacheze. Kule Bwera alikodi chumba karibu na soko, akaweka spika zake, na fundi wa muziki wa baa ya jirani akaja kumshauri kwa nia njema kabisa. Alikuwa kijana wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mcheshi.

"Mama, ile muziki yako iko muzuri, lakini iko pole sana. Bongeza spidi kidogo. Bantu beko nalala."

"Walale," Mwimbaji akasema. "Wamechoka."

Na ni kweli, walikuwa wamechoka. Mchana soko linapopoa, wanawake wanaobeba magunia kuvuka daraja la mpakani walikuwa wakija kuketi kwenye kivuli cha ukuta wake, miguu wameinyoosha mbele, na ile ngoma ya kusubiri ikawa inakwenda sawa na pumzi zao. Niliwaona. Hakuna aliyecheza, na hakuna aliyeondoka.

Kulikuwa na msiba wa jirani yetu pale Kasese, mke wa mzee mmoja aliyefanya kazi migodini tangu ujana. Kwaya ilikuja na kinanda cha umeme, wakaimba mbiombio, nyimbo za kufurahi kwamba marehemu amefika. Mzee mwenyewe alikaa kama jiwe, hajalia tangu asubuhi, watu wameanza kumsema. Mwimbaji akasimama bila kuitwa. Akaimba wimbo wa kitabuni ambao sote tunaujua, lakini aliuimba polepole hivi kwamba kila neno ulilazimika kulitazama usoni. Mzee wa kanisa aliangalia saa yake. Akaiangalia tena. Ulipofika ubeti wa tatu yule mzee wa migodini akainama, akaweka paji la uso juu ya magoti, akalia kwa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Baadaye mzee wa kanisa alimfuata. "Dada, asante kwa huduma. Lakini umechelewesha mazishi."

"Marehemu hana haraka," Mwimbaji akamjibu.

Maneno hayo yalitembea mji mzima. Wengine waliyasema kwa kumcheka na wengine kwa kumsifu, na mchungaji aliyatumia kwenye mahubiri bila kusema ameyatoa wapi.

Tulikuwa tukienda Bwera pamoja kwa pikapu ya wafanyabiashara, mimi na marobota yangu, yeye na begi lake. Njiani kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Mara ya kwanza afande alifungua lile begi akakuta kijisanduku chenye vitufe na waya.

"Shuka! Hii kitu gani?"

"Ngoma," Mwimbaji akasema.

"Ngoma iko wapi? Ngozi iko wapi?"

Hakubishana naye. Alimvisha vidude vya masikioni, akabonyeza. Afande akasimama pale bunduki begani, macho yameduwaa. Magari yakajipanga nyuma yetu, yakaanza kupiga honi. Akageuka akawapigia kelele, "Nyamaza yote! Mimi iko kazini!" Kilichokuwa masikioni mwake, nilijua baadaye, kilikuwa miguu ya wanawake wakivuka daraja na magunia. Mwimbaji aliirekodi, akaipunguza mwendo, akaiwekea besi. Alikuwa akirekodi kila kitu: malori ya saruji yakipanda kilima, nyundo za mafundi wa bati Muhokya, mimi nikipiga pasi. Wimbo wa mimi nikipiga pasi ni mzuri sana, kwa taarifa yenu.

Tangu siku ile afande yule hakuacha kulipekua begi. "Usalama," alikuwa akisema, na kunyoosha mkono apewe vidude.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mtu mgumu. Alichukia kupigwa picha, lakini alitembea barabarani kama mtu anayejua kamera ziko upande gani. Alisema jina lake la zamani limekufa. Kisha akaja mhandisi mmoja Mkenya wa kiwandani, ameniletea suruali nifupishe, akasikia sauti kupitia ukutani. Suruali ikamponyoka.

"Huyo ni nani?"

"Jirani."

"Nilikuwa na kanda yake chuoni. Nairobi. Niliisikiliza mpaka ikakatika." Akakimbia nje, akamkuta anaanika nguo, akamtajia jina.

"Umenifananisha," Mwimbaji akasema, akaendelea kubana nguo kwenye kamba. Mhandisi akaomba radhi, akaondoka ameinamisha kichwa. Hata hajafika barabarani, Mwimbaji alikuwa dirishani kwangu. "Alisema wimbo upi? Aliupenda wimbo upi?" Wiki iliyofuata alimwalika chakula, akampikia bundu, ule ugali wa muhogo wa Wakonzo, akausonga vibaya, na mhandisi akaumaliza wote.

Kwa wanafunzi wake alikuwa mkoloni. Alikusanya wale wanawake wabeba mizigo wa Bwera, akawafundisha kuimba. Hakuwafundisha nyimbo zake. Aliwataka watoe za kwao, za bibi zao, halafu aliwazuia kuzikimbiza. Mtu aliyekuwa tayari kuzomewa na uwanja mzima kwa ajili ya uhuru wake hakuruhusu mtu mwingine hata kukohoa. Mwenye sauti kuliko wote aliitwa Biira, mwanamke mwembamba aliyeweza kubeba gunia la maharage na bado akaongea. Siku moja Biira alichelewa, na Mwimbaji akamwambia mbele ya wote, "Toka. Hapana rudi."

Biira akatoka. Wenzake ndio waliosema: mtoto wake alikuwa na malaria, amekesha naye. Mwimbaji akafanya kama hakusikia, akaendelea na mazoezi. Lakini saa sita mchana nilimwona kwa macho yangu juu ya bodaboda, yule mtoto wa Biira amefungwa mgongoni kwake kwa shuka, Biira nyuma yao kwenye boda ya pili, wanakwenda zahanati. Alishinda huko mpaka homa ikashuka. Wiki iliyofuata Biira akarudi mahali pake mstari wa mbele. Samahani haikusemwa, na Biira, nilipomuuliza, akasema, "Mama Akinyi, mutu kama ule, samahani yake iko mukono. Haiko mudomo."

Mama Akinyi ni mimi.

Mwaka wa kampeni, mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kiti alikuja pale chumbani Bwera. Alikuwa mfanyabiashara, ana duka kubwa mkabala na soko, na sehemu kubwa ya vibanda tulivyouzia ilikuwa juu ya ardhi yake. Alikuja na sukari na sabuni, akakaa akawasikiliza akina mama wakiimba, akapiga makofi kwa moyo. Halafu akaeleza anachotaka: wimbo wenye jina lake ndani. "Na iwe ya kuchangamka," akaongeza.

Mwimbaji akamrudishia sukari. Akina mama waliitazama ile sukari ikitoka mlangoni, na najua walivyojisikia, maana hata mimi niliitazama.

"Hawa hapana imba jina ya mutu," akamwambia. "Kama iko na mutu amekufa, wataimba. Wewe umekufa?"

Vijana wa mheshimiwa walikuja siku mbili baadaye, mchana, chumba kikiwa kitupu. Wakasema kelele zinasumbua biashara. Wakazibeba spika, kijisanduku, waya zote, wakazifungia kwenye ghala la duka lake. Biira aliona, akanipigia simu.

Nilidhani Mwimbaji atalia, au atampigia simu balozi wao. Siku ya soko iliyofuata alikodi kiti cha plastiki, akakiweka upande wa pili wa barabara, kuelekea mlango wa lile duka, akakaa na kuanza kuimba. Bila spika, bila maikrofoni. Sauti yake ikiwa peke yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri. Ilibidi watu wasogee ili waisikie, na waliposogea wakaziba mlango wa duka. Wakija wateja hawapati njia. Wakifukuzwa, wanarudi. Dereva mmoja wa lori akazima injini ili asikie, na wa nyuma yake naye akazima, kwa hasira kwanza, halafu akashuka. Mwimbaji akaimba mpaka soko likafungwa, akakirudisha kiti. Siku ya soko iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata. Biira na wenzake walianza kuja wakiwa na mizigo kichwani, wakasimama nyuma yake wakimwitikia, magunia yale yale kichwani.

Mheshimiwa alitoka nje mwenyewe siku moja, na tabasamu la mtu anayeangaliwa.

"Mama, wewe ni mgeni hapa," akasema kwa sauti ya kusikika. "Tumekupokea vizuri. Mgeni anajua adabu."

Mwimbaji hakusimama. "Mimi si mgeni. Mimi ni jirani."

"Jirani ya nani?"

Akanyoosha kidole bila kugeuka. Alininyooshea mimi.

Nilikuwa nimesimama na lundo la mashati mkononi, kibanda changu kilikuwa mstari wa mbele kabisa, mahali pazuri ambapo kila ashukaye garini anapita. Na kibanda hicho kilikuwa juu ya ardhi ya huyo anayeniangalia. Watu wote wakageuka. Sijui kwa nini nilifikiri juu ya kikombe kilichovunjika wakati ule, nikamkasirikia upya. Halafu nikasema, "Ni jirani yangu. Tumegawana ukuta. Mpe vitu vyake."

Biira akasema nyuma yangu, "Mupe." Mwingine akasema. Ikawa kama kuitikia wimbo, polepole, mmoja mmoja, hakuna aliyepiga kelele: mupe, mupe, mupe. Mheshimiwa akacheka, akasema mbona jambo dogo, akaagiza ghala lifunguliwe. Kampeni zilikuwa zimebaki siku chache na mtu anayetaka kura hawezi kuwa na mlango ulioziba.

Spika moja ilirudi imechanika. Mwimbaji hakuitengeneza, alisema sasa inakohoa vizuri. Na mimi, baada ya uchaguzi, kibanda changu kilihamishwa nyuma, kando ya mtaro wa maji machafu. Sijarudishwa mbele mpaka leo. Mwimbaji alipojua alikuja na spika yake inayokohoa akaimba pale mtaroni siku nzima kuniletea wateja. Watu wakajaa. Walisikiliza vizuri sana, hawakununua hata soksi. Tulirudi Kasese bila kusemezana, halafu karibu na Kikorongo mmoja wetu akaanza kucheka.

Koo lilianza kumsumbua mwishoni mwa miaka hiyo. Kwanza ilikuwa kukwaruza tu, na kwa sauti kama yake hata ikanoga. Kisha akawa anashindwa kumeza. Wakampima Kampala, wakamwambia ni uvimbe mbaya, na kwamba kisanduku cha sauti kilichomo kooni lazima kitolewe, upesi. Mtaani kwetu tulikuwa na hakika moja: hatakubali. Tulimjua. Mtu aliyekataa kampuni, akakataa uwanja, akakataa mheshimiwa, huyo atawaambia madaktari waende zao, atakufa anaimba, na sisi tutasimulia. Tulikuwa tumeshaanza kusimulia.

Alikubali siku hiyo hiyo aliyoambiwa.

Ninajua yaliyofuata, kwa hiyo niseme. Upasuaji ulifanyika, akapona. Anaishi Karusandara sasa, ana shamba la mahindi, anapumua kupitia tundu la shingoni analolifunika kwa kitambaa, na hawezi kutoa hata mnong'ono. Akina mama wa Bwera bado wanaimba, yeye anawaongoza kwa kugonga meza, na Biira anasema ukali umezidi kwa sababu sasa hauna maneno. Mimi ananitumia ujumbe wa simu kwa Kiswahili kile kile cha kuamrisha. Lakini mara ya mwisho niliyoisikia sauti yake ilikuwa Kikorongo, kwenye njia panda, siku alipokuwa akielekea Kampala kukatwa.

Mimi nilikuwa natoka sokoni. Nilimkuta amekaa juu ya begi lake kando ya barabara, akisubiri basi, miwani usoni, shingo ameizungushia skafu. Nikakaa naye. Sauti yake ilikuwa imebaki kama mlango wa bati unaoburutwa.

Aliniambia kwamba wiki hiyo kulikuja bwana mmoja kutoka Uingereza, mtu mzima kidogo, mpole, mwenye vifaa vya bei kubwa. Walikuwa wamesikia habari. Kampuni ile ile, ingawa watu wake wamebadilika. Walitaka aahirishe upasuaji kidogo tu, aingie studio, wairekodi sauti yake ilivyo sasa, iliyovunjika. Sahani ya mwisho. Yule mpole alikuwa na machozi akieleza jinsi itakavyopendeza.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Hukutaka hata kidogo?"

Akavuta pumzi, ilimchukua muda. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, nami niliinama ili nisipoteze neno: "Wote wanataka nife vizuri. Huyu, na nyinyi pia pale mtaani, nimewasikia. Mwimbaji amekufa na sauti yake. Hadithi tamu. Mimi nataka kuwa bibi kizee asiye na sauti anayegombana na majirani kwa mikono."

Nilitazama magari.

"Nilimwambia sauti iliyobaki nina kazi nayo," akasema.

"Kazi gani?"

Akasimama. Kulikuwa na mwanamke anauza samaki mita chache kutoka pale, ngege wamefungwa kwenye vijiti, anawaonyesha abiria wa mabasi. Mwimbaji akamwendea, akamshika samaki mmoja mkia, akamwinua juu mbele ya watu.

"Hii ni nini?"

"Samaki, mama."

"Hii laini kama dawa ya meno! Macho yake imelala tangu juzi! Leta ingine!"

"Mama, iko fresh, imetoka ziwani asubuhi..."

"Asubuhi ya mwaka gani?"

Muuza samaki naye hakuwa wa kutishwa, akaweka mikono kiunoni, na wakaanza. Walipigana kwa maneno hadi wauzaji wengine wakaacha kazi kutazama. Mwimbaji alikwaruza, alifoka, sauti ilimkatika katikati ya tusi akaisubiri irudi akalimalizia. Basi la Kampala likafika, kondakta akining'inia mlangoni akapiga bati kwa kiganja. "Mama, panda! Tunaenda!" Hakumtazama. Alikuwa amefikia samaki wa nne, na huyo hakumpenda mapezi.

Alimpata aliyemtaka, mkubwa, macho maangavu. Akalipa, akapanda ngazi za basi, samaki mkononi, mtu anayekwenda hospitali ambako hataruhusiwa kula. Basi likaanza kusogea. Kisha dirisha likafunguliwa, akatoa kichwa na yule samaki, akanitupia mimi. Nilimdaka kifuani, akanilowesha gauni lote.

"Kaanga leo!" akanipigia kelele, kwa ile sauti yote iliyokuwa imebaki. "Hapana weka kesho!"